Muulize Mwalimu: Tuisheni ya Hisabati na mlango wa shule za kuchaguliwa

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: masomo ya ziada ya Hisabati, yaani tuisheni, na mbio za kuwapeleka watoto katika sekondari zinazochagua wanafunzi wake. Kwa hiyo nimeziweka kando barua za nidhamu na za sare za shule, nitazijibu toleo lijalo, na ukurasa huu wote nimewaachia wenye kuuliza kuhusu tuisheni. Barua ndefu nimezifupisha bila kuondoa maana, na majina ya waandishi pamoja na ya shule zao nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam. Mwalimu wake wa Hisabati anaendesha tuisheni palepale shuleni kila siku, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, na kila mtoto hulipa shilingi 1,000. Jumamosi ninampeleka kituo kingine mtaani kwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Tumekwenda hivyo mwaka mzima, na alama zake za Hisabati zimetoka 19 kati ya 50 hadi 22. Mwakani nataka afanye mtihani wa kujiunga na sekondari moja ya binafsi ya bweni, na moyoni nina ndoto ya shule za vipaji maalumu, zile za serikali zinazochukua waliofaulu zaidi. Mashoga zangu wananiambia niongeze siku. Mume wangu anasema mtoto hapumziki na fedha zinapotea bure. Nani kati yetu ana haki? (Mama wa Mabibo)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimepiga hesabu za barua yako kabla ya kuijibu. Shilingi 1,000 kwa siku tano za wiki ni kama 20,000 kwa mwezi, ukiongeza 15,000 za Jumamosi unapata 35,000, na kwa miezi kumi ya masomo umetoa kiasi cha shilingi 350,000. Ulichopata ni alama tatu. Mumeo ameliona hilo, na wewe umeona jambo la pili ambalo pia ni kweli, kwamba mtoto mwenye 22 kati ya 50 anahitaji msaada. Kila mmoja wenu ameshika upande wake wa haki.

Kabla ya kuongeza siku hata moja, waulize walimu wa sehemu zote mbili swali hili: binti yangu amekwama wapi? Wakikujibu kwamba "Hisabati inamsumbua kidogo" au "afanye mazoezi zaidi", ujue kwamba kwa mwaka mzima hakuna aliyemtazama. Mwalimu aliyemtazama atakwambia kwamba anaelewa desimali lakini anachanganya sehemu, au kwamba anakokotoa vizuri ila haelewi swali la maneno linamtaka afanye nini.

Unaweza kuanza kumpima wewe mwenyewe leo jioni, hata kama Hisabati uliiacha zamani. Mpe swali hili: shati lilipunguzwa bei kwa asilimia 20, sasa linauzwa shilingi 12,000, je, bei yake ya awali ilikuwa shilingi ngapi? Usimsaidie, na usitazame jibu peke yake. Mwambie akueleze alivyofanya. Katika miaka yangu ya kufundisha, jibu nililokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni 14,400. Mtoto anayelitoa amechukua asilimia 20 ya 12,000, akapata 2,400, akaijumlisha. Ukokotoaji wake hauna kosa lolote. Kosa lake ni moja, hakujiuliza ni asilimia 20 ya kitu gani, kwa maana punguzo lilifanywa kwenye bei ya zamani, na hizo 12,000 ni asilimia 80 tu ya bei hiyo, ambayo ni shilingi 15,000. Mwingine ataandika 12,020, na huyo hajui kabisa alama ya asilimia inamaanisha nini. Wa tatu ataandika 15,000 haraka sana, lakini ukimgeuzia swali na kusema bei ilipanda badala ya kushuka, atatumia kanuni ileile na kupotea. Hao ni watoto watatu wenye shida tatu tofauti. Sasa wakae watoto sitini kwenye chumba kimoja, mwalimu aandike ubaoni maswali kumi ya pepa za miaka iliyopita, ayafanye mwenyewe huku wakinakili, kisha waondoke saa kumi na moja. Yule wa 12,020 atakuwa amepata nini?

Mfano mwingine niupendao, kwa sababu unatuhusu sisi walimu. Kila mtoto wa Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni ufupisho mzuri, umewasaidia wengi. Lakini mpe binti yako 10 – 4 + 3. Akiifuata MAGAZIJUTO herufi kwa herufi, atajumlisha kwanza 4 na 3 apate 7, kisha atatoa na kukwambia jibu ni 3. Mwambie basi kwamba ana shilingi elfu kumi, amenunua mafuta ya taa ya elfu nne, halafu shangazi akampa elfu tatu, ana ngapi? Atasema elfu tisa bila kufikiri. Kujumlisha na kutoa ni ngazi moja, hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na ndivyo ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha. Mtoto aliyekaririshwa neno bila kuelezwa hili atakosa maswali ya namna hiyo miaka yote, na tuisheni inayomkaririsha neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi itamzidishia uhakika katika kosa lake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Toa madaftari yake ya darasa la nne na la tano, kwa kuwa mtoto anayeanguka darasa la sita mara nyingi alijikwaa huko nyuma kwenye sehemu, na tangu hapo kila mada mpya imejengwa juu ya shimo. Mwulize robo tatu ya 20 ni ngapi, na kati ya theluthi na robo ipi ni kubwa. Ukishajua alipokwama, tafuta mtu mmoja anayeweza kukaa naye yeye na wenzake wawili au watatu, mara mbili kwa wiki, kwa mada hiyo tu. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu wa mtaani kwenu au hata mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye subira. Siku nyingine acheze, alale, asaidie nyumbani, asome hadithi. Fedha itapungua na huenda alama zikapanda.

Kuhusu mtihani wa kujiunga na sekondari ya binafsi, kuna jambo ambalo wazazi wengi wa shule za serikali hulijua wakiwa wamechelewa. Binti yako anasoma Hisabati kwa Kiswahili, na karatasi ya mtihani ule huenda imeandikwa kwa Kiingereza. Nimewahi kukaa na mtoto anayetafuta Kigawe Kidogo cha Shirika akiwa amefumba macho, lakini akakutana na herufi LCM, yaani jina lake kwa Kiingereza, akaacha nafasi wazi. Hakukosa Hisabati, alikosa jina lake. Uliza shule hiyo karatasi yao iko katika lugha gani, na kama ni Kiingereza, wiki chache za kumfundisha msamiati wa kihisabati wa lugha hiyo, pamoja na kusoma maswali ya maneno kwa sauti na kuyaeleza, zitamfaa kuliko miezi sita ya kurudia kuzidisha.

Na kuhusu vipaji maalumu, ninakuomba ufanye hesabu ya mwisho. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, kila moja lina alama 50, jumla 300, na daraja A huanzia alama 241. Hisabati ni sehemu moja ya sita. Ninakubali kwamba ndilo somo ambalo watoto wengi hupotezea alama, na kwa hiyo ndilo linalowatenganisha walio juu. Lakini binti anayepelekwa tuisheni ya Hisabati siku sita kwa wiki, huku Sayansi, Kiingereza na Maarifa ya Jamii zikiachwa zijiendee, anaweza kupata huku na kupoteza kule. Tena shule zenyewe za vipaji maalumu ni saba tu nchi nzima, na kwa wasichana ni tatu: Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Wasichana. Ndoto ni yako na sitakunyang'anya. Ninachokuomba ni kwamba binti asijue kuwa ndiyo kipimo pekee cha kukufurahisha.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mkulima mkoani Singida na mwanangu wa kiume ndiye wa kwanza darasani kwao. Huku kwetu hakuna kituo cha tuisheni. Je, hizo nafasi za shule za vipaji maalumu kama Ilboru na Kibaha hazijachukuliwa zote na watoto wa mjini waliofundishwa usiku na mchana? Kuna haki hapo?

JIBU: Ndugu yangu, haki ipo kiasi. Nafasi za shule za vipaji maalumu hugawanywa kwa mikoa, kwa hiyo mwanao hashindanii kiti kimoja na mtoto wa Dar es Salaam. Anashindana na watoto wa Singida. Huo ni utaratibu wa busara, na wanaotaka kila kiti kiende kwa alama za juu kitaifa pasipo kujali mtoto ametoka wapi, mimi siwaungi mkono. Alama 250 alizopata mtoto anayetembea kilomita nane kwenda shule na kusomea kibatari haziwi sawa na 250 za mtoto mwenye mwalimu wa kumfuata nyumbani, ingawa karatasini zinafanana. Isipokuwa mgawanyo huo unaishia kwenye mkoa. Ndani ya mkoa, mtoto wa Singida mjini na mtoto wa kijijini kwako hupimwa kwa rula moja, na hapo ndipo tuisheni inapofanya kazi yake.

Mchujo huu haukuanza jana. Shule ya wavulana ya Tabora, mojawapo ya hizo za vipaji maalumu, ilianzishwa na Waingereza miaka ya 1920, na Julius Nyerere aliingia pale mwaka 1937 akitokea Musoma. Ni yeye huyohuyo ambaye mwaka 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alionya kwamba elimu ya msingi isifanywe kuwa ngazi tu ya kupandia sekondari, bali iwe elimu iliyokamilika kwa wale wengi ambao hawataendelea. Wakati ule nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na kufaulu darasa la saba kulikuwa kama kupita kwenye tundu la sindano. Kisha ukaja MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, mwaka 2004, zikajengwa sekondari za kata kila upande wa nchi, na leo mtoto anayefaulu hupangiwa shule.

Wengi tulitarajia kwamba milango ikiwa mingi, mbio zitapungua. Hazikupungua, zilihamia mahali pengine. Zamani mzazi alilipia tuisheni ili mtoto afaulu. Sasa analipia ili mtoto asipangiwe shule ya kata ya jirani, isiyo na mwalimu wa Hisabati wala wa Fizikia. Na hofu yake ina msingi. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, wanaofaulu Hisabati wamekuwa kati ya moja ya tano na robo ya watahiniwa kwa miaka ya karibuni. Mlango wa kuingilia ulipanuliwa, lakini ndani ya nyumba hapakutengenezwa vya kutosha.

Niongeze kisa kimoja, kwa kuwa umeuliza kama tuisheni hununua nafasi. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusaidia kusahihisha mitihani ya kujiunga na shule moja ya binafsi, ambayo sitaitaja. Mtunzi wa mtihani alichukua swali la tangi la maji kutoka kitabu cha mazoezi kinachotumika sana kwenye vituo, akabadilisha tarakimu moja, lita 240 zikawa 360. Niliposahihisha nilikuta watoto kumi na mmoja wameandika jibu la swali la zamani, pamoja na hatua zote, zikiwa zimepangwa vilevile mstari kwa mstari. Walikuwa wamelitambua swali, hawakulisoma. Jambo lililoniuma ni kwamba kama mtunzi asingegusa ile tarakimu, watoto wale kumi na mmoja wangepata alama zote, na tungewaita wenye vipaji. Mtihani wa kuchagua unaotungwa kwa kunakili unapima ni nani aliyeliona swali kabla ya siku ya mtihani, na mtoto wa kwenu hawezi kuwa ameliona.

Mwanao, hata hivyo, usimwache akae bila mazoezi. Pepa za Baraza la Mitihani za miaka iliyopita zinapatikana, na mwalimu mkuu wake anaweza kumsaidia kuzipata. Akizifanya taratibu, swali moja moja, na kujilazimisha kueleza sababu ya kila hatua, hatakuwa nyuma sana ya yule wa mjini.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa langu lina wanafunzi 112. Kila siku tunasikia viongozi wakitulaumu kwa tuisheni. Mwalimu, wewe umestaafu na pensheni yako. Niambie, katika dakika 40 na watoto 112, ninawezaje kumfikia kila mmoja? Tuisheni ndiyo nafasi pekee ninayomwona mtoto uso kwa uso, na ndiyo inayolipa nauli yangu. Kosa langu ni nini?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na ukali wake sikuuchukia. Madarasa ya watoto 112 nami niliyafundisha. Ukigawa dakika 40 kwa watoto hao, kila mmoja anapata sekunde zisizozidi 22, na hapo bado hujafuta ubao. Anayekulaumu bila kuitaja namba hiyo hajakutendea haki.

Lakini ngoja nikuulize kama mtu aliyekaa ulipokaa. Katika hao 112, wangapi hubaki saa tisa? Ukisema arobaini, basi 72 waliobaki huenda nyumbani, na wengi wao ndio wale hasa uliotaka kuwaona uso kwa uso. Halafu kuna swali gumu zaidi, ambalo kila mwalimu anayetoza wanafunzi wake mwenyewe hulijibu peke yake usiku: mada ile ya milinganyo niliyoipitia juujuu asubuhi, nilikosa muda kweli, au nilijua kwamba nitaimalizia jioni kwa wanaolipa? Simaanishi kwamba wewe unafanya hivyo. Ninasema utaratibu wenyewe unakuweka mahali pabaya, maana kipindi chako cha asubuhi kikiwa kizuri mno, cha jioni kitakosa wateja. Hakuna mtu anayepaswa kuwekewa mtego huo kila siku ya kazi.

Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, michango ya lazima shuleni imekatazwa, na tuisheni ambayo mtoto asiyelipa huchapwa, husimamishwa nje au hukosa maelezo ya mtihani ni mchango wa lazima uliobadilishwa jina. Hilo halina utetezi, na najua kwamba hulitetei. Ila kumfundisha mtoto wa shule nyingine Jumamosi kwa makubaliano na mzazi wake ni jambo tofauti kabisa. Baadhi ya walimu ninaowafahamu wamebadilishana hivyo: wa shule hii anafundisha jioni watoto wa shule ile, na mwenzake hivyohivyo, mtego ukaondoka na nauli ikabaki.

Na jambo dogo la darasani, ulipokee au uliache. Badala ya kusahihisha madaftari 112 kila siku, uliza swali moja tu mwisho wa kipindi, watoto waandike jibu kwenye kipande cha karatasi na kukuachia mlangoni. Ukirudi nyumbani yapange mafungu: waliopata, waliokosa kwa namna hii, waliokosa kwa namna ile. Mafungu hayazidi manne, hata kwa watoto 112. Kesho yake unaanza na fungu kubwa. Ilinichukua kama nusu saa kila jioni, na ndiyo kazi ya ualimu ninayoikumbuka kwa furaha kuliko nyingine zote.

SWALI: Salaam aleikum Mwalimu. Nawaandikia kutoka Mombasa. Sisi huku tuisheni ya likizo imepigwa marufuku na sheria, na bado watoto wetu wanaenda, ila wanaenda bila sare. Sasa mtihani wa darasa la nane umeondolewa na tuisheni ya Gredi ya Tisa imeanza. Je, kuna nchi iliyoweza kukomesha jambo hili?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hilo la kwenda bila sare limenichekesha, kwa sababu na huku kwetu nimeliona. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo na inaweka adhabu, na hata kabla yake, mwaka 2012, Waziri wa Elimu Mutula Kilonzo alikuwa amesimama kidete kuyapinga. Lakini amri haijibu swali la mzazi.

Waliojaribu kwa nguvu zaidi ni Wakorea Kusini. Mwaka 1980 serikali ya kijeshi ilipiga marufuku masomo ya binafsi ya kulipia, karibu yote. Matokeo yake ni kwamba mafundisho yalihamia mafichoni, bei ikapanda, na ni matajiri walioweza kulipia siri. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaifuta marufuku ile kwa kuwa inaingilia haki za raia. China nayo, Julai 2021, ilizuia kampuni za kufundisha masomo ya shule ya lazima kujiendesha kwa faida, na kampuni kubwa zikaanguka kwa muda mfupi, lakini mtihani wa kuingia chuo kikuu ulibaki palepale, na wazazi wakaanza kutafuta walimu wa kuwafuata nyumbani. Kwa hiyo kwa swali lako, mimi siijui nchi iliyoikomesha kwa kukataza. Inapungua pale tofauti kati ya shule nzuri na shule ya kawaida inapopungua.

Kwenu kuna jambo ninalolifuatilia kwa hamu. KCPE, yaani huo mtihani wa darasa la nane ulioanza mwaka 1985, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na sasa alama za kumpangia mtoto shule ya upili ya juu zinatoka sehemu tatu: asilimia 20 mtihani wa Gredi ya Sita, asilimia 20 tathmini za shuleni, na asilimia 60 mtihani wa Gredi ya Tisa. Kwa nadharia, mtoto hapimwi tena kwa siku tatu za Novemba pekee. Kwa vitendo, mzazi mwenye hofu anaweza kuona kwamba badala ya mbio moja sasa kuna mbio tatu, na akalipia tuisheni tangu Gredi ya Nne. Na uamuzi wa mwaka 2025 wa kuirudisha Hisabati kuwa ya lazima kwa wote katika shule ya upili ya juu, moja kwa wanaofuata sayansi na nyingine nyepesi kwa wengine, niliuunga mkono, ingawa najua wenye vituo waliupokea kwa furaha kunishinda.

Sisi nasi tunaelekea huko. Kwa sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita na elimu ya lazima itafika kidato cha nne, na kwa mpango uliotangazwa, mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja. Wapo wanaoniandikia kwamba, kwa kuwa kila mtoto ataendelea na sekondari, tuisheni itakufa siku hiyo. Mimi ninatazama Ilboru, Kilakala na shule za binafsi zenye majina, ninajiuliza zitawapataje wanafunzi wake baada ya hapo. Jibu likiwa ni mitihani ya kila shule peke yake, tutakuwa tumeondoa mtihani mmoja wa taifa ambao maskini na tajiri waliukalia pamoja, tukaleta mitihani ishirini ya kujiunga, kila mmoja na ada yake ya fomu na kituo chake cha tuisheni. Hatua ya Baraza la Mitihani ya Januari 2023, ya kuacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, ilikuwa ndogo lakini nzuri, ingawa bado ninakutana na mabango ya barabarani yenye picha za watoto na alama zao.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko darasa la saba. Nyumbani hakuna hela ya tuisheni na wenzangu wote wanaenda. Nikikosa swali la Hisabati nakuwa sijui nimuulize nani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Umeandika vizuri, hata herufi zako zinapendeza. Tafuta daftari moja uliite la makosa. Kila swali unalokosa, liandike upya humo, na chini yake andika kwa maneno yako ulichofikiri ulipokosa, kisha kilicho sahihi. Usiandike jibu pekee. Baada ya wiki tatu utaona kwamba makosa yako si mengi, ni machache yanayojirudia, na hayo ndiyo utakayompelekea mwalimu. Ukimwambia "sielewi Hisabati", hatajua aanzie wapi. Ukimwambia "kila nikikutana na asilimia iliyopungua ninakosea", atakusaidia palepale, hata akiwa anatembea kuelekea ofisini. Kati ya hao wenzako wanaokwenda tuisheni, chagua wawili unaopatana nao, na uwaombe wakufundishe walichofundishwa jana. Wakishindwa kukueleza, nao watajua kwamba hawakuelewa, na mtatafuta pamoja.

Anza na hili, na uniletee jibu kupitia kwa mhariri. Bei ya mchele ilipanda kwa asilimia 25, ikafika shilingi 3,000 kwa kilo. Ilikuwa shilingi ngapi kabla ya kupanda? Nami nataka uniandikie, kwa sentensi mbili tu, kwa nini si sahihi kutoa asilimia 25 ya 3,000.